Maiki Kinywani mwa Mama

Miaka ile wazungu walipokuwa wakifunga masanduku na watu wetu wakichangishana kununua mashamba yao, mimi nilikuwa sauti. Sijisifu. Uliza mtu yeyote wa rika langu aliyekulia upande wa Kiplombe au Plateau, huku kandokando ya Eldoret, atakuambia kulikuwa na gari la sinema la kampuni ya sabuni, la rangi ya buluu, na ndani yake kulikuwa na msichana aliyezungumza. Sura yangu hawakuijua. Nilisimama ubavuni mwa gari, gizani, maiki mkononi, macho kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa mbele, nikiwaeleza watu mambo kwa sababu wale wa kwenye picha walisema Kiingereza au hawakusema kitu kabisa.

Kazi yenyewe haikuwa kutafsiri. Anayedhani ilikuwa kutafsiri hajawahi kusimama mbele ya watu waliochoka, waliotoka kupalilia mahindi ya mtu mwingine kutwa nzima. Picha ikionyesha mzungu anakimbizwa na ng'ombe, sikusema mtu huyu anakimbizwa na ng'ombe. Wana macho, wanaona. Nilisema huyu bwana alikataa kupeleka ng'ombe kwa dipu kuogeshwa dawa ya kupe, sasa ng'ombe wameamua kumpeleka yeye. Akitokea mwanamke anafua, nilimpa mume anayepasua mbao Kaptagat ambaye tangu mwezi uanze hajarudi, na watu wakaanza kumsema yule mume hadi sabuni tukaisahau. Filamu ikikatika, dereva akihangaika kuiunga, ni mimi niliyejaza lile pengo. Kimya kwa mtangazaji ni kama moto kuzimika chini ya sufuria ya maharagwe. Ukiuwasha tena, kazi unaianza upya.

Kila mahali nilianza kwa neno moja. Niligonga maiki kwa kidole, nikauliza, "Mko?" Watu wote wakaitika, "Tuko!" Nikanyamaza kidogo kama sijasikia vizuri, nikauliza tena, na mara ya pili hata mbwa waliitika. Neno hilo lilinitangulia kila tulikokwenda. Watoto wa Eldoret mjini wakiliona gari linapita, walilipigia kelele wenyewe, mko, mko, na mimi nikiwa nimeketi pale mbele na leso kichwani hakuna aliyenitambua.

Sasa mtu angefikiri nilitosheka. Wapi. Mimi tangu utotoni ni mtu aliyekalia siafu. Tukifika mahali naanza kuuliza kesho tunakwenda wapi, na kesho ikifika nataka keshokutwa. Dereva wetu, mzee wa Kisomali mwenye familia yake mjini, alinicheka, akasema Mungu aliniumba bila breki, na kwamba mwanamume atakayenioa itabidi anunue lori kwanza. Nilimjibu lori lenyewe nitaendesha mimi. Tulitaniana hivyo barabara nzima, lakini alijua kilichokuwa kikinikera, maana ni yeye aliyekuwa akinisubiri garini kila niliposimama kutazama dirisha la duka moja.

Mjini kulikuwa na duka la kuuza redio, na mwenyewe alikuwa ameweka televisheni dirishani. Siku hali ya hewa ikikubali, picha ilitokea. Siku nyingi kioo kilinyesha mchele mtupu, vile vidoa vyeupe, lakini watu walisimama pale pale wakautazama huo mchele. Nilichokwenda kuona mimi ni wale watangazaji. Mtu amekaa kitako, hatikisi hata bega, hapandishi sauti, na watu wa mitaani kwetu wanamwita kwa jina lake kama jirani. Nilitazama midomo yao. Nilishika wanavyovuta pumzi kabla ya sentensi ndefu, nikaenda kujaribu ndani ya gari hadi dereva akaniuliza kama nina pumu. Nilitamani kukaa kwenye kiti chao hadi nikaumwa. Niliona hii kazi ya gizani imenibana kama kiatu cha mwaka jana. Nikiona mtu yeyote anakwenda kituo cha mabasi ya Nairobi, hata simjui, nilimwonea wivu.

Basi meneja wa kampuni alipopita Eldoret akaniambia amenisemea kwa watu wa televisheni, na kwamba wananitaka Jumatatu fulani wanipime, sikulala. Nilimwambia dereva, nikamwambia mwenye nyumba, nikaliambia hata sinki la jikoni. Aliyebaki ni mama.

Mama yangu alikuwa mjane. Baba alikuja naye kutoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, kutafuta kazi ya shamba, na akafa akiwa bado kibarua wa watu. Mama akabaki kwenye laini, vile vijumba vya wafanyakazi, katika shamba la mzungu mmoja kwenye njia ya Kaptagat, akikamua ng'ombe. Alikuwa na sauti, mama yule. Alisimama mlangoni mwa zizi akaita, na ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya mto wakainua vichwa. Hii yangu mimi nimeitoa kwake, hata kama yeye hakuwahi kushika maiki. Mara ya kwanza gari letu lilipofika shambani kwao, niliuliza, "Mko?" watu wakaitika, na wote walipokwisha kunyamaza ikaja sauti moja pekee kutoka mbele kwenye nyasi, "Niko!" Watu walicheka hadi nikakosa pa kuanzia. Kwa mama, nilikuwa nimeuliza, naye amejibu.

Kisha akapata rovu. Lilianza kama uvimbe mdogo shingoni, likakua hadi akawa hawezi kulala chali. Daktari alimweleza mapema kwamba limejizungusha mahali pabaya, kwamba akikatwa atapona, lakini sauti huenda isirudi. Mama akasema akate. Alipona, akarudi kukamua, na sauti haikurudi. Ulibaki upepo tu. Ukitaka kumsikia ulimwinamia hadi sikio likagusa mdomo, na yeye hakupenda kuinamiwa. Akaacha kusema. Ng'ombe akawaita kwa kugonga debe.

Ni katika siku zile akiwa bado amelala na bandeji shingoni nilipomweleza habari za Nairobi. Nilimweleza kwa mbio kama ninavyofanya mambo yangu yote, televisheni, Jumatatu, nauli nimelipiwa. Nilipomaliza akanitazama, halafu akageukia ukutani. Niliondoka bila kujua kama amenikubalia au amenikataza, na nikaogopa kumuuliza tena. Mtoto wa kwanza, baba hayupo, nitakwendaje Nairobi nikiwa sina neno la mama? Kimya kingi kina mshindo mkuu, watu husema, na huo mshindo niliungoja wiki baada ya wiki hadi nikaanza kumchukia kila aliyeniongelesha.

Mzungu wa shamba la mama alikuwa anakwenda zake, na wafanyakazi pamoja na watu wengine waliotoka Kati walikuwa wameungana kulinunua. Mama alikuwa memba, kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa ameuza mtamba wake na maziwa ya miaka ili aingie. Lakini kamati ilisema kila memba aandikiwe mtu chini yake wa kumshikia nafasi, na kwa mjane lazima awe mwanamume wa ukoo. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, akajiandikisha yeye hata kabla hajaulizwa. Huyu alikuwa mtu wa maneno laini. Hakuwahi kumpandishia mama sauti. Alisema tu, mara kwa mara, kwamba shamba la mwanamke asiye na mume ni kama nyumba isiyo na kufuli, na kwamba yeye atalitunza. Mama angewekwa wapi baada ya kutunziwa, hakusema. Laini zingebomolewa, hilo kila mtu alilijua.

Siku ya kugawana mashamba kwa kura ilipopangwa, kamati iliweka sharti. Katika shamba jingine huko nyuma watu walikuwa wamewaitikia wafu na waliokuwa mbali, vurugu ikazuka. Kwa hivyo kila memba ataitwa kwa jina lake kamili, mara tatu, naye ataitika kwa kinywa chake mwenyewe, wote wasikie, ndipo apite mbele kuchota karatasi kwenye debe. Asiyeitika, nafasi yake ni ya yule aliyeandikwa chini yake. Mwenyekiti akasema wataitika "niko", kama kwenye sinema. Na wa kuita awe nani, kama si yule msichana wa sinema? Sauti yangu inafika mwisho wa uwanja, wakasema, na sina upande, maana mimi mwenyewe si memba. Kampuni ikakubali gari litumike, mradi katikati nitaje sabuni.

Nilikwenda kwa mama usiku wa kuamkia kura, nikamwambia tumweleze mwenyekiti habari ya koo lake. Alitikisa kichwa. Nikamwambia basi nimwombe mtu aitike kwa niaba yake. Akatikisa kichwa tena, kwa hasira sasa, akanivuta sikio hadi mdomoni kwake kama nilipokuwa mdogo. "Wewe niite," akasema ule upepo wake. "Nitaitika." Nilitaka kumuuliza na habari ya Jumatatu, ambayo ilikuwa siku mbili baada ya kura, lakini alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo, anapekecha moto.

Jumamosi ilikuwa na upepo, na upepo wa tambarare ile si mchezo, unakuvua kofia na maneno pamoja. Watu walijaa mbele ya nyumba ya mzungu. Nilipopanda juu ya jukwaa la kupakilia maziwa, mchana mweupe, nikasikia minong'ono. Ndiye huyu? Kumbe ni kadogo hivi? Walikuwa wamenitengenezea mwili vichwani mwao, mama mnene wa makamo, na sasa wamepewa kijiti. Nikawaza, na Nairobi je, ambako nitatazamwa hivi kila siku? Nikagonga maiki, nikauliza, "Mko?" Wakaitika, "Tuko!" na nikafungua kitabu cha kamati.

Nikaanza kuita. Jina, niko, mtu anapita, anachota. Jina, niko. Wazee wengine waliitika kama wanaitwa na serikali, wengine kama wanaitwa kula. Nilikuwa nakwenda vizuri, na huku jicho langu liko chini ya ukurasa, maana nililiona jina la mama linakuja. Na hapo ndipo nilipogundua upumbavu wetu sote wawili. Mama ameniambia nimwite. Mimi nimekubali. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtoto wa kwetu hamwiti mamake kwa jina. Haliitwi. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kulitamka lile jina, wala kwa kunong'ona, wala nikiwa peke yangu. Anayemwita mzazi wake kwa jina amemfanya rika lake, na wengine husema amemchimbia kaburi. Mimi niliyeita majina ya watu kwa kazi, nikawapa majina hata wazungu wa kwenye kitambaa, nilifika pale nikasimama.

"Mama yangu," nikasema kwenye maiki.

Watu wakacheka kwa upole, walinielewa. Mama alikuwa nyuma kabisa, karibu na ua, amesimama wima na kanga nyekundu. Aliinua mkono. Mwenyekiti akaniambia, kwa huruma, kwamba kitabuni hakuna memba anayeitwa hivyo, na sharti ni sharti.

Hapo baba mdogo akainuka. Alisema mimi binti yake nimefanya vyema, nimelelewa, na hakuna mtu pale angependa kusikia mtoto akimtaja mamake kwenye spika kama anayemwita askari. Heshima si utumwa, akasema. Yeye ni shemejiye, kwake si vibaya. Atanisaidia hilo moja tu. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakaona ni jambo jema, na kabla sijafikiri maiki ilikuwa mkononi mwake.

Alilitaja jina la mama vizuri, kwa sauti nyororo. Akalitaja tena papo hapo, na tena, mfululizo, kama mtu anayehesabu kuku. Niliona midomo ya mama ikifunguka. Niliona shingo yake ikikaza pale penye kovu. Upepo ukachukua kile kilichotoka, kama kilitoka. Waliokuwa mbele waligeuka kutazama nyuma, wakaona mwanamke ameachama, hawakusikia kitu.

"Hakuitika," baba mdogo akasema, na akaonyesha masikitiko. Akaniomba kitabu ili atie alama.

Nilimchukia mzee yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na hasa nilichukia jinsi alivyokuwa ametumia adabu yangu mwenyewe kunifunga mdomo. Nilimpokonya maiki. Ndiyo, nilimpokonya, na waliokuwepo bado hunikumbusha. Nikaruka chini nikaanza kwenda kwa mama, na waya ukanirudisha kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Gari lilikuwa mbali naye. Nikamtazama dereva. Aliwasha injini akalileta gari taratibu katikati ya watu, anapiga honi kidogo kidogo, na watu wakainua watoto wao wakapisha, akina mama wakavuta vikapu. Mimi natembea mbele, waya mkononi, hadi tukafika penye ua aliposimama.

Mwenyekiti alikuwa anasema kitu kuhusu utaratibu. Sikumbuki sawasawa. Nilikuwa namtazama mama, naye ananitazama kwa lile jicho la kuniuliza, unangoja nini?

Nikainua maiki nikalitaja jina lake. Jina alilopewa na babake, na la babake, yote mawili, kama yalivyoandikwa. Nilisikia sauti yangu ikigonga mabati ya zizi na kurudi. Wazee wakaguna, bibi mmoja akajifunika uso. Nikalisema mara ya pili, polepole, na mara ya tatu sauti ilinikatika, mimi mtangazaji, mbele ya watu wote wale. Kisha nikaigeuza maiki nikaiweka kinywani mwake.

Mama hakujua maiki inavyoshikwa. Aliishika kwa mikono miwili kama kibuyu. Tulisikia kwanza pumzi yake tu, spika zikivuma, na hata upepo ulionekana kama umenyamaza.

"Niko," akasema.

Ilitoka kavu, imekwaruzika, ndogo kuliko jani, lakini ilitoka kwenye spika zote mbili za juu ya gari, ikafika kwa mwenyekiti, ikafika kwa baba mdogo, ikavuka mto. Nasikia waliokuwa barabarani walisimama. Nilinyoosha mkono nichukue maiki, lakini yeye hakuiachia. Alidhani kazi ya kile chuma imekwisha na kwamba sasa tunaongea sisi wawili. Akaniinamia.

"Na wewe sasa nenda," akasema. "Nenda huko Nairobi. Usinikalie hapa."

Shamba zima lilisikia. Majirani zake, kamati, watu nisiowajua waliotoka Kiplombe kutafuta mashamba, wote walipata ruhusa yangu saa ile ile niliyoipata mimi. Nililia kwa sauti, na nilipolia nilikuwa karibu na maiki, kwa hivyo na hilo pia walilisikia. Ndipo dereva akazima spika.

Mwenyekiti akasema ameitika, na mama akapita mbele akachota karatasi yake. Kipande kilichomwangukia kilikuwa na mteremko na mawe upande mmoja, na alikaa juu yake hadi alipozeeka. Baba mdogo alikuja kumpongeza siku hiyo hiyo, na mama akamkaribisha chai, kwa debe, nikimaanisha aligonga debe kumwita kama alivyowaita ng'ombe. Sikujua kama ni utani au ni tusi. Alikuja, akanywa.

Jumatatu niliketi kwenye kiti Nairobi, ndani ya chumba chenye taa kali kuliko jua la kwetu, mbele ya lile jicho la kioo la kamera. Mikono sikujua niiweke wapi. Hapakuwa na watu wa kuuliza kama wako. Fundi aliyekuwa chumba cha pili, nyuma ya dirisha, akaniambia niseme chochote, apime sauti tu, hata jina. Nikasema la mama. Akapenda, akasema limetoka safi, akauliza kama ndilo langu aandike. Nikamwambia hapana, hilo ni la mwenye sauti, langu linafuata.